Kamati ya Ansbert

Heriel alipoingia stoo, alimkuta Ansbert amemshika Celina mkono, na Celina anafuta macho kwa pindo la kitenge. Ansbert akanyanyua boksi la viatu ambalo hakuna aliyemtuma alibebe, akatoka nalo.

"Mlikuwa mnaongea nini?" Heriel aliuliza.

"Mambo ya kamati," Celina alisema. "Kuna shughuli ya watu wa nyumbani, Moshi. Kaa, mtori wa ndizi unapoa."

Heriel akakaa, kwa kuwa miguu haikumpa nafasi ya kubisha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fremu ya kuuzia viatu Kariakoo, na kansa ya utumbo. Celina alikuwa mchumba wake. Mahari ilishapelekwa, na harusi ilikuwa ifungwe baada ya Pasaka. Ugonjwa ndio ulioisogeza mbele.

Wiki mbili nyuma daktari alimwambia apumzike dripu kwanza, mwili upate nguvu. Heriel alifurahi hadi akamshika mkono. Kisha daktari akamwomba Celina abaki ndani kidogo, apewe maelekezo ya chakula. Tangu siku ile Celina na Ansbert hawaachani.

Ansbert alikuwa na fremu ya pili kutoka hapo. Walisoma wote, wakaja Dar pamoja, wakalala chumba kimoja miaka mitatu. Alikuwa bingwa wa kamati. Watu wa Moshi pale sokoni wakiwa na shughuli yoyote, mwenyekiti ni yeye. Na alikuwa na nywele. Kila asubuhi alizichana mbele ya kioo cha duka, na Heriel, mwenye kofia ya sufu katika joto la Dar, aliuchukia kila mpito wa kile kitana. Dawa zilimnyang'anya nywele, kucha na ladha ya chakula. Wivu ziliuacha palepale, tena umenenepa.

Jumatano alikuwa amejilaza nyuma ya maboksi, kichefuchefu kimemkamata, akasikia sauti ya Ansbert kwenye simu.

"Coaster mbili zinatosha. Wengine watatangulia Moshi kuandaa. Ng'ombe yupo. Tarehe siwezi kukwambia sasa hivi, wewe nishikilie tu magari."

Kisha sauti ya Celina, ya chini. "Na Heriel asisikie hata neno moja, Ansbert. Naomba."

Kikulacho ki nguoni mwako. Heriel alifundishwa methali hiyo shule ya msingi, akapata vema kwenye daftari, wala hakuwahi kuifikiria tena. Sasa ilimrudia. Coaster, ng'ombe, Moshi, na yeye asisikie. Hata mtoto angejua hiyo ni shughuli gani.

Jioni Celina alipomletea dawa, alishindwa kuvumilia.

"Ukinichoka utaniambia?"

"Nitakuchokaje?"

"Ansbert mzima. Anamaliza nyama choma kilo nzima peke yake. Mimi uji tu unanishinda."

Celina alimmiminia vidonge kiganjani. "Namwombea aendelee kuwa mzima," alisema. "Nitamhitaji sana."

Alisema hivyo bila hata kuinamisha macho. Heriel akameza vidonge vyake, akageukia ukutani.

Jumamosi Celina alivuka barabara kununua ndizi, akaacha simu kwenye chaji. Ikaita. Kwenye kioo kulikuwa na jina, Amira Fulana. Heriel akapokea, na kabla hajasema kitu, sauti ya kike ikaanza.

"Dada Celina, sampuli yenu tayari. Picha imetoka safi. Njooni muione kabla sijachapa zote."

"Nakuja," Heriel alisema.

Duka la Amira la kuchapa fulana lilikuwa mitaa miwili tu, lakini alipumzika mara tatu, mara moja juu ya gunia la mtu. Njiani aliandaa maneno. Hatapiga kelele. Ataichukua fulana yenye sura zao wawili, ataiweka mbele yao, na atawaambia: mngenisubiri basi nife kwanza. Sentensi hiyo ilimpendeza, akairudia hadi mlangoni.

Amira alikuwa nyuma ya mashine yake, binti wa miaka kama ishirini na mitano.

"Shikamoo, baba," alisema.

Heriel alitaka kumwambia kwamba wanalingana, pumzi ikamgomea. "Marahaba. Nimetumwa na kamati ya Ansbert."

Amira akatandaza fulana nyeupe mezani, akaipapasa mikunjo iishe.

Haikuwa sura ya Ansbert.

Ilikuwa yake mwenyewe. Heriel wa mwaka juzi, mashavu yamejaa, nywele zimekatwa vizuri, anacheka ndani ya suti aliyovaa siku walipopeleka mahari. Kulikuwa na maandishi chini, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi na herufi zikaogelea. Kumbe ni yeye. Kumbe walikuwa wanamfichia harusi yake mwenyewe, na yeye amekaa wiki mbili akimlaani rafiki yake. Celina bila shaka atawekwa mgongoni mwa fulana. Alijionea aibu, akaona raha, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu mvua za masika.

"Nzuri," alisema. "Nzuri sana, binti yangu. Chapa zote."

"Siwezi kuchapa zote bado, baba." Amira alisogeza kidole chini ya picha, akakisimamisha kwenye nafasi tupu baada ya kistari. "Tarehe ya kuzaliwa nimeshaiweka. Hii ya pili mtaniletea lini?"