Viggen Anatafuta Mtunzaji

"Rudisha huo ufunguo mezani," Ingegerd alisema, wala hakuinua macho kutoka kwenye birika la kahawa.

Kennet, mtoto wa kaka yake, akaurudisha taratibu. "Shangazi, nilikuwa naupima uzito tu."

"Umeanza kuupima tangu siku ya mazishi."

Nje, ndani ya banda jekundu, gari lilikuwa limelala chini ya shuka la zamani lenye maua. Viggen ya buluu, gari la mbio lenye bawa nyuma. Marehemu Birger, mume wa Ingegerd, alilipenda kwa sababu ya jina. Maisha yake yote alikuwa fundi wa ndege za kivita kambini, ng'ambo ya ziwa, na ndege zenyewe nazo ziliitwa Viggen; zikishatua ziliweza kurudi nyuma zenyewe, jambo ambalo wageni hawakuliamini. Kwa watu wa kambini neno hilo lilimaanisha radi, basi; maana yake nyingine hawakuitaka. Na ndani ya nyumba ya Birger, gari halikuwa gari. Lilikuwa "yeye". Yeye ana baridi leo. Yeye ameamka vibaya.

Kabla hajafa alimshika mkewe mkono. Asimuuze. Ampe bure mtu aliyeishi na Viggen. "Muulize kama Viggen hurudi nyuma. Muongo atacheka."

Ingegerd alimwomba mwenye duka aeneze habari, naye alizieneza neno kwa neno: Viggen wa marehemu Birger anatafuta mtu wa kumtunza, ila awe anamjua. Hakuja wa maana. Kennet alipoulizwa lile swali alicheka mpaka akapaliwa. Huyu alitaka kuchora miali ya moto mlangoni na kukata springi ili gari lilale chini. Mwishowe Ingegerd alichoka, akamwahidi: asipotokea mtu mpaka kahawa ya Jumamosi, lichukue.

Leo ndiyo Jumamosi.

"Kuna mzee getini," akasema jirani yake Berit, pua imegusa kioo cha dirisha. "Mrefu. Mabuti ya mpira. Ana darubini shingoni na kapu mkononi. Shoga, umeletewa posa!"

"Nyamaza, Berit. Ongeza kikombe."

Mzee alivua mabuti mlangoni, akaingia na soksi za sufu zilizoshonwashonwa kisigino. Kapu lilikuwa na mfuniko. Aliliweka chini ya kiti kwa uangalifu, kama lina mayai.

"Naitwa Assar," alisema. "Nimesikia dukani habari za Viggen. Nimeishi nao maisha yangu yote ya kazi, dada, na hata sasa nimestaafu siwezi kuwaacha."

Berit alimkanyaga Ingegerd mguu chini ya meza.

"Na zile kelele?" Berit akauliza. "Hazikukuua masikio?"

"Kelele?" Assar alishangaa. "Yeye hana kelele. Anaguna tu, tena chini chini."

"Kiziwi kabisa," Berit akamnong'oneza mwenzake.

"Kama Birger wangu," akajibu Ingegerd, na moyo ukamlainika. Akamsogezea mgeni maandazi ya mdalasini.

Assar hakugusa andazi. "Analala wapi?"

"Bandani."

"Peke yake?"

"Peke yake, tangu mwenyewe alipofariki."

"Masikini." Mzee alipangusa jicho. "Na kula? Kunywa?"

"Kunywa anakunywa sana," Ingegerd alikiri. "Hasa tukienda naye mjini."

"Mnakwenda naye mjini!"

"Alikuwa akipenda. Ila bawa lake limekwaruzika. Huyu hapa aliegemeza ngazi."

Assar alimgeukia Kennet polepole. "Ngazi? Juu ya bawa lake?"

"Bahati mbaya, mzee," Kennet alisema huku mdomo umejaa. "Nitalipiga rangi."

"Utalipiga rangi!" Assar alishika ukingo wa meza. "Dada, naomba kijana huyu asimsogelee tena."

Hapo Ingegerd alitua kikombe. Alikuwa anataka sana mzee huyu ashinde, hata akaogopa kuuliza. Lakini ahadi ni ahadi. "Assar, niambie ukweli. Viggen hurudi nyuma?"

Kennet alianza kucheka. "Irudi nyuma? Kitu chenye mabawa?"

"Cheka tu, kijana," Assar alisema. "Mimi nimemwona kwa macho yangu. Akishatua, upepo ukimjia usoni, anarudi nyuma kidogo kidogo, kifua mbele, kama mtu anayetoka kanisani asionekane na mchungaji. Nikiwasimulia watu hawaamini."

Ingegerd alichukua ufunguo mezani, akauweka kwenye kiganja cha mzee na kukikunja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Ni wako," alisema. "Birger angefurahi."

Kennet alisukuma sahani yake, akatoka bila kuaga. Berit alikuwa analia waziwazi, andazi mkononi.

Assar alitia ufunguo mfukoni bila kuutazama, akabeba kapu lake, akawafuata kina mama uani. Ingegerd alifungua milango miwili ya banda, akashika pembe ya shuka, akalivuta lote kwa mkupuo mmoja. Buluu ikang'aa.

Assar alilitazama gari, akatikisa kichwa kwa heshima. Akalizunguka. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni. Kisha akafungua kapu, lililotandikwa nyasi kavu, akaja kumsogelea Ingegerd kwa ncha za vidole.

"Gari zuri, dada," alinong'ona, asije akamshtua mtu. "Sasa Viggen mwenyewe, yule bata, kajificha wapi?"