Koti la Mlinzi

Mjukuu wangu Ruthu alikuwa chini mbele ya lango la hospitali, uchungu wa kujifungua umembana. Kufuli lilikuwa jipya.

“Tulibeba mawe kichwani kujenga hospitali hii, leo mnatufungia?” mama mmoja alimfokea mlinzi. Watu walishaokota mawe.

“Shikamoo Bibi,” mlinzi aliniambia. “Waliofunga hospitali wameondoka na ufunguo. Mlaze hapa.” Akavua koti lake, akalitandika vumbini.

Nikaomba jiwe. Kelele zikakoma, wakidhani nitampiga yeye. Nikaligonga kufuli mpaka likakatika.

Tukambeba Ruthu hadi wodi ya wazazi. Hapakuwa na kitanda hata kimoja, ni alama za miguu ya vitanda tu sakafuni.

Mlinzi akatandika tena koti, akatoka.

“Bibi, nesi yuko wapi?” Ruthu akauliza.

Nikakunja mikono ya gauni langu.