Siku Ngapi za Msiba

Siku ya mia mbili na kumi na moja, mmoja wa wasafiri sita waliokuwa wakienda Mirihi alikufa.

Alikufa ndani ya kompyuta tu, mezani kwa Maximiliana, hapa Bariadi. Kazi yake ni kuwajaribia wahandisi wa ng'ambo safari ambayo bado hakuna mtu aliyeianza.

Kompyuta ikauliza: waliobaki waache kazi siku ngapi?

Akaandika tatu, kama kijijini kwao Nkoma, ambako msiba ukiingia hakuna anayeshika jembe. Siku ya kwanza tu chujio la hewa liliziba. Hakukuwa na wa kulisafisha, na wote watano wakafa.

Akaandika mbili. Wakafa. Akaandika moja. Wakafa.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, baba tunamzika saa kumi. Kijiji kizima kimeacha pamba. Umefika wapi?"

Kanga aliyojifunga kiunoni tangu alfajiri ilikuwa imelegea. Akakaza fundo lake, polepole, akiwa amekaa palepale kwenye kiti.

"Niko njiani," alisema, akaandika sifuri.

Wote watano wakafika.