Mistari Iliyonyooka

Siku hizi mkulima hodari akifa, sauti yake hubaki kwenye kisanduku chenye jicho, kilichofungwa kwenye nguzo shambani, ili iwafundishe waliobaki. Sauti ya mume wangu Ambokile ilibaki kwetu. Husema pale tu inapoona umekosea.

Mwaka wa kwanza nilisemwa kutwa. "Mama Subi, unapanda maharage au unalisha kuku?" Kisha anacheka, nami nacheka, jembe mkononi. Mwaka ule nilivuna kuliko jirani zangu wote.

Mwaka wa pili sikukosea tena, naye akanyamaza.

Leo bibi shamba amepita, akaitazama mistari yangu iliyonyooka. "Hongera, mama, umehitimu. Kesho kisanduku tunampelekea jirani yako. Yeye bado anahangaika."

Alipoondoka nikazifukua mbegu zangu, nikazitupa ovyo kiganja kwa kiganja, ingawa sina shamba jingine wala mbegu nyingine.

"Mama Subi, unapanda maharage au unalisha kuku?"

"Nalisha kuku, Baba Subi. Sasa nitakula nini?"

Akacheka kicheko kilekile cha mwaka wa kwanza. Nikasimama pale, nikimngojea aseme neno jingine.