Mazungumzo na Bosi

Mtoto mwingine tena aliingia ofisini akiwa ameshika makalio kwa mikono miwili.

"Bosi?" aliuliza mshauri.

"Bosi," alijibu mtoto. "Kanifinya, halafu kachukua mkate wangu."

Mshauri alimsogezea kiti chenye mto. Ilikuwa siku yake ya kwanza pale shuleni, na rangi ya mlango wa ofisi yake ilikuwa haijakauka. Serikali ilikuwa imeipa shule ruzuku ya kupambana na uonevu na kuwasaidia watoto waliobaki na kiwewe baada ya mafuriko. Ruzuku hiyo ndiyo iliyomleta. Alitarajia kuhangaika wiki nzima kumjua mwonevu, maana watoto kwa kawaida huficha. Hawa walimtaja waziwazi, kama watu wanavyoitaja mvua.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu, akamkuta dirishani akichungulia uwanja wa nyuma kabla ya kutoka.

"Mwalimu, kuna huyu Bosi."

Mwalimu mkuu aliteremsha pazia. "Umeshakutana naye?"

"Bado. Naomba umwite hapa ofisini."

"Humu hapana. Mara ya mwisho alipoingia humu, mimi na mhasibu tulijifungia stoo mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

Mshauri alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Wazazi wake wanasemaje?"

"Hana. Alikuja na mafuriko. Mlinzi ndiye anayemlea."

"Hamkufikiria kumhamisha?"

"Kamati ya wazazi ilishaamua. Gari likaja kumchukua. Yule binti wetu asiyesema akalala chini mbele ya tairi. Dereva mwenyewe akaanza kulia, ikabidi tumpe chai aende zake."

Binti huyo mshauri alishamwona asubuhi. Tangu aokolewe hakuwa ametamka neno hata moja. Alikaa ofisini akizungusha kifungo cha sare yake, hakuinua uso, akaondoka. Kwa ajili ya watoto kama yeye mshauri aliiomba kazi hii.

"Na Ijumaa anakuja ofisa wa ruzuku," mwalimu mkuu aliendelea. "Akikuta watoto bado wanafinywa, atasema fedha hazifanyi kazi. Bosi akiondoka, atasema tatizo limekwisha, fedha ziende kwingine. Vyovyote vile wewe unaondoka, na yule binti anabaki bila mtu." Akashusha sauti. "Mimi sikuidanganya serikali. Kila nilichowaeleza kuhusu Bosi ni kweli tupu."

"Hakuna haja ya kumwondoa," alisema mshauri. "Anayeonea wenzake mara nyingi ana kidonda ndani. Nitazungumza naye."

"Kuzungumza," mwalimu mkuu alirudia polepole. "Hilo hatujawahi kulijaribu."

Mlinzi alikuwa nyuma ya jiko, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia unamlea Bosi."

"Namlea au ananilea, sijui. Pale kwangu yeye ndiye anayeamua nani aingie."

"Ulimpataje?"

"Juu ya bati. Maji yalipojaa, yule binti alikaa juu ya paa mpaka mashua ikafika, na Bosi pembeni yake. Kila waokoaji walipotaka kumshika mtoto, Bosi aliwarukia. Mpaka leo, akiona mtu anasogea, anadhani wanakuja kumchukua binti."

Mshauri aliguswa moyo. "Basi naye ana kiwewe."

Mlinzi alifikiri kidogo. "Inawezekana. Mimi nilidhani ni kiburi tu."

Alimwonyesha kibanda cha zana, ambako Bosi alipenda kupumzika mchana. Mshauri alibeba viti viwili, akavipanga mbele ya mlango vikitazamana, kama alivyofundishwa chuoni. Watoto waliokuwa wakicheza waliacha mpira ulipo, wakakimbilia madarasani, wakajazana madirishani. Akabaki binti peke yake kwenye kona ya kibanda.

Mshauri alinyoosha sketi yake, akagonga taratibu.

"Bosi, mimi ni mshauri mpya. Sijaja kukugombeza. Najua umepitia mengi."

Alijibiwa kwa msonyo mrefu.

Misonyo haikuwa kitu kigeni katika kazi yake. "Una haki ya kukasirika," alisema. "Kiti chako hiki hapa. Ukiwa tayari, toka tuongee."

Msonyo uliofuata ulikuwa mrefu zaidi. Ndani, ndoo ilianguka. Zikasikika hatua nzito, zisizo na haraka, zikija mlangoni. Mlinzi aliweka kikombe chini.

"Usikimbie."

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mshauri aligeuka. Binti alikuwa amemshika mkono.

"Ukikimbia anafukuza," alisema binti. "Simama hapa na mimi. Akiona wewe ni mtu wangu, ataacha. Anaogopa tu."

Kwenye dirisha la ofisi, mwalimu mkuu aliufunika mdomo kwa pazia. Mshauri alitaka kupiga magoti amkumbatie mtoto, lakini mlango ulishaanza kusukumwa, na aliona si vizuri Bosi amkute akilia.

"Sikimbii," alisema, akaubana mkono wa binti. "Nimezoea watoto wakali."

Binti aliinua uso, akamtazama kwa mshangao.

"Watoto?"

Mlango ukafunguka, akatoka bata bukini mweupe, shingo mbele, mabawa wazi, akaifuata sketi ya mshauri moja kwa moja.