Gari Lisilotoka Uani

Oili iliyochuruzika kwenye karai ilikuwa bado na rangi ya asali. Fundi yeyote angesema oili hiyo haijafika siku ya kumwagwa. Lakini Kazimili alikuwa amelala chali juu ya gunia, mvunguni mwa pikapu yake ya Pijo, akiimwaga yote kwa pupa, maana lori la mgambo lilikwisha kata kona kwenye ghala la pamba.

Kila mtu hapo Nyamigogo alijua lori hilo linafuata nini. Vita ilikuwa imepamba moto huko Kagera, na kila gari zima lilitakiwa likabebe askari na chakula. Padri alikwisha toa lake. Mwenye duka alikwisha toa lake, huku akitabasamu kama aliyeng'olewa jino. Kazimili alikuwa na jambo moja tu moyoni: gari lisisogee hata kidogo hapo liliposimama.

Filta ilimkatalia mkononi. Akaichoma ubavuni kwa bisibisi, akaizungusha kwa nguvu mpaka ikang'oka. Buti zikasimama karibu na uso wake.

"Mwangaluka, Kazimili."

"Mwangaluka, Ndugu Kamanda."

"Toka huko. Taifa linataka gari."

"Halina oili. Na filta imetoboka, nyingine sina."

Kamanda Bulugu hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimshika miguu akamburuta nje, karai likapinduka, oili ikamlowesha Kazimili kifua kizima. Kabla hajainuka, kitako cha bunduki kilimpata mdomoni. Akatema jino na damu.

Na hawa si watu baki, jamani. Walihama pamoja kutoka Shinyanga, wakalima jirani kwa jirani. Watoto wa Bulugu walikulia kwenye sahani za Secilia, mke wa Kazimili. Lakini cheo kikimpanda mtu kichwani, ujirani hauna nafasi ya kukaa.

"Mimi nimetoa mwanangu!" Bulugu alifoka. "Faustini wangu yuko mstari wa mbele sasa hivi, anapigana na nduli. Mimi natoa damu yangu, wewe unanyima chuma?"

Kazimili alipangusa mdomo.

"Juzi tulikamata mtoro wa vita msituni. Ulisikia nilimfanya nini?"

"Nilisikia. Kijiji kizima kilisikia akilia."

"Basi kwangu mimi, anayeficha gari na anayekimbia vita ni ndugu wa tumbo moja."

Audax, dereva wa lori, alikuwa amepiga magoti akichungulia mvunguni. "Filta kweli haifai, Kamanda. Lakini si neno. Tulivute kwa kamba mpaka Biharamulo, mafundi wapo." Kisha akamgeukia Kazimili. "Na wewe mzee, ulikuwa na shimo zuri la kutengenezea gari. Siku hizi unalala matopeni?"

"Mbuzi wa watu alivunjika mguu humo. Nikalifunika."

Audax akaenda kuchukua kamba. Hapo ndipo Kazimili alipofanya kitu ambacho watu wa Nyamigogo walikisimulia miaka mingi. Aliruka akafungua boneti, akafungua kifuniko cha oili, akachota mchanga kwa viganja viwili, akaumimina ndani ya injini. Gari alilolipata kwa pamba ya misimu mingi! Gari alilolipangusa kwa khanga za mke wake mpaka mke akanuna!

"Ameliua!" Audax alishika kichwa. "Injini hii sasa ni ya kufumuliwa yote, Kamanda. Vita haiwezi kuisubiri."

Bulugu alimpiga kwa mkanda, akampiga kwa buti, akampiga mpaka yeye mwenyewe akahema. Secilia alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa khanga, machozi yanamtiririka, na asithubutu kusogea. Mwishowe Bulugu alikoki bunduki, akaelekeza mtutu kwenye gurudumu la nyuma, karibu kabisa na ardhi.

"Kama halitaki kwenda, basi lisimame hapo mpaka lioze."

"Usipige chini!" Kazimili alipiga ukelele.

Alijitupa mzimamzima, akaudaka mtutu kwa kiganja na kuusukumia juu. Bunduki ikalia. Risasi ilipita katikati ya mkono wake ikatoboa mlango wa gari. Kazimili alianguka, akaukumbatia mkono kifuani, damu ikachanganyika na oili.

Hata mgambo walirudi nyuma hatua moja. Bulugu mwenyewe aliutazama ule mkono kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Audax alisema polepole. "Tumwache, Kamanda. Mtu anayetoa mkono kwa ajili ya tairi amekwisha rukwa na akili."

Bulugu alitema mate. "Vita ikiisha utajibu bomani," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu kama mwanzo. Akapanda lori, wenzake wakamfuata.

Secilia alimfunga mumewe mkono kwa khanga, akakaza, akalia kwa sauti sasa. Kazimili alisikiliza mngurumo wa lori mpaka ukapotea kabisa njia ya Biharamulo. Kisha akajikokota mvunguni mwa gari, akafukua udongo kwa mkono uliobaki mzima, akasogeza ubao.

"Toka upumue, Faustini," alisema. "Baba yako ameondoka."