Kituo, Kituo, Unanisikia?

"Kituo, kituo, unanisikia?"

Kaitu aliachia kitufe cha redio akasubiri. Ilikuwa saa moja asubuhi, na hakuwa amefungua mdomo tangu jana saa kama hiyo.

"Kituo nakusikia," alijibu Nei Rotia, mama wa ofisini kule mjini Tarawa. "Mauri, mzee Kaitu. Lete habari."

"Mauri. Magunia manne. Chupa, vizibo, na kandambili za kushoto tupu. Sijui za kulia zinakwenda kuchafua kwa nani."

"Na kasa?"

"Mmoja, kanasa kwenye kipande cha wavu. Nimeukata wavu, karudi majini bila hata kuaga."

"Kama marehemu mume wangu," alisema Nei Rotia, akacheka peke yake.

Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Kaitu alikuja mara tu baada ya kumzika mkewe. Mradi wa kusafisha fukwe ulitafuta mtu wa kujitolea, kwa chakula na redio tu, akae kwenye kisiwa kisicho na watu ambako kasa hupanda kutaga na taka za dunia nzima hupanda pamoja nao. Aliambiwa ni miezi sita. Ilipokwisha, Nei Rotia akamwambia wakubwa wanamwomba aendelee kidogo. Akaendelea kidogo. Kidogo hicho hakikuwa na mwisho.

Kila baada ya miezi miwili meli ilitia nanga nje ya mwamba, na nahodha Tabuia akaja na mashua kushusha mchele, unga na betri, na kuondoka na magunia yaliyojaa. Mwanzoni magunia matupu aliyoletewa yalikuwa mapya, ya buluu, yenye nembo ya mradi. Siku hizi yalikuja yoyote: ya sukari, ya mchele, mengine yametiwa viraka kwa mkono. Hata mchele ulikuja kwenye vifuko vidogo vidogo, kila kimoja na aina yake.

"Wakubwa wamekuwa mabahili," Kaitu alimwambia nahodha.

"Mimi nimeambiwa nilete, nimeleta," alijibu Tabuia, akaanza kupakia.

Asubuhi nyingine jogoo aliwika redioni.

"Ofisi imeanza kufuga?"

"Wa jirani huyo. Taja magunia, acha umbea."

Mazungumzo hayakuzidi dakika tano. Kisha ilibaki siku nzima. Kaitu alisafisha upande wa mashariki mpaka mchanga ukabaki mweupe, akalala, akaamka akaukuta kama vile hakupita mtu. Alikuta makinda ya ndege yamekufa, matumbo yamejaa vizibo. Aliyazika, akaendelea kuokota.

Jumanne moja aliokota chupa yenye maandishi ya lugha asiyoijua. Akaiuliza imetoka wapi. Akaiuliza kama huko ilikotoka kuna watu wengi. Alikuwa ameketi mchangani akisubiri jibu ndipo alipojishtukia.

Kesho yake hakutaja magunia.

"Kituo, nimechoka. Waambie wakubwa watafute mtu mwingine. Meli ikija, napanda."

Redio ilikoroma.

"Umenisikia, Nei Rotia?"

"Nimekusikia. Lakini kasa ndiyo kwanza wanaanza kutaga."

"Kasa walikuwepo kabla yangu. Nyie huko mnakaa kwenye viti, mnahesabu magunia ya mwenzenu. Mimi huku sina hata wa kugombana naye!"

Alitegemea atamjibu kwa mzaha. Hakumjibu kwa mzaha.

"Nitawaambia," alisema taratibu. "Utaletewa wa kukupokea."

Wiki tatu zilizofuata walisalimiana kwa maneno machache. Siku nne za mwisho kituo hakikujibu kabisa. Kaitu aliita, akabadilisha betri, akaita tena. Mwishowe akaifunika redio kwa kitambaa. Wamekasirika, alijisemea. Basi na wakasirike.

Jumamosi mashua ilipogusa mchanga, alikuwa amekwishavaa shati lake la kanisani. Alirusha mzigo wake ndani hata kabla hajamsalimu nahodha. Hapo ndipo alipomwona mwanamke wa makamo akishuka, gauni amelikunja magotini, viatu mkononi, mkeka ameukumbatia kifuani. Mawimbi yalimyumbisha. Kaitu alimpa mkono.

"Mauri, mzee Kaitu."

Sura hakuijua. Sauti angeitambua popote.

"Nei Rotia! Umekuja kunifukuza mwenyewe?"

"Nimekuja kukupokea zamu. Nimetafuta mtu mji mzima, nimekosa. Nionyeshe tu kasa wanapandia wapi, usije ukaachwa na meli."

"Wewe? Ukae huku peke yako?" Kaitu alitaka kucheka, akashindwa. "Na kituo umemwachia nani? Wakubwa wamekubali?"

Nei Rotia alikuwa akiutazama ufukwe, chupa na maboya mpaka macho yanapoishia.

"Wakubwa walifunga ofisi mwaka juzi, mwezi ule ulipomaliza miezi yako sita," alisema. "Wakaniambia niitupe redio. Nikaipeleka nyumbani."

Nyuma yao Tabuia aliwasha mashine.

"Nahodha!" Kaitu alipaza sauti, akiingia majini na shati lake la kanisani. "Nirudishie mzigo wangu!"